Kabla hujanunua seti nzima ya zana za kufungulia magari

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama ununue ile seti ya zana 32 za kufungulia magari kwa mpigo mmoja, na kama lile bati refu la kupenyeza kwenye kioo bado lina kazi. Mimi ni fundi wa funguo za magari, nina miaka 11 kwenye kazi hii, na seti kama hiyo ninayo. Zana kama 20 ndani yake bado zina mafuta ya kiwandani. Kwa hiyo seti, hapana. Bati nalo hapana, ila lina maelezo yake.

Nianze na bati kwa sababu ni fupi. Magari ya zamani yalikuwa na fimbo ya chuma inayoshuka kutoka kile kidude cha kubonyeza dirishani hadi kwenye kitasa. Unapenyeza bati kati ya mpira na kioo, unaikamata fimbo, unavuta. Magari mengi ya sasa yanatumia kebo iliyovishwa ganda, kitasa chenyewe kimefunikwa plastiki, na humo mlangoni mmejaa nyaya za kioo, za spika, na kwenye baadhi ya magari kuna hata kihisio cha airbag ya pembeni. Mara ya mwisho kulitumia niling'oa soketi ya kioo cha umeme. Mlango ulifunguka kwa dakika tatu, halafu nikala mchana mzima navua paneli ya mlango nirudishe soketi, bure. Siku hizi nalitumia kama rula.

Kilichochukua nafasi yake ni kabari ya upepo na fimbo ndefu. Kabari ni mfuko bapa wenye pampu ya mkono kama ile ya kupimia presha hospitalini. Unauchomeka juu ya fremu ya mlango, unaujaza kidogo kidogo, pengo likitosha unapitisha fimbo iliyovishwa plastiki na kubonyeza swichi ya ndani. Kwa mtu aliyefungia ufunguo garini ni zana nzuri na haina makuu. Ukiujaza kwa pupa, fremu inapinda, na mteja atarudi kukwambia gari linapiga mluzi akiliendesha kwa kasi. Halafu kuna magari ambayo yakifungwa kwa rimoti, mkono wa mlango wa ndani na swichi havifanyi kazi kabisa. Hapo utabonyeza mpaka kesho. Na hata ukifanikiwa, kabari imekufungulia mlango, basi. Haijakwambia lolote kuhusu ufunguo.

Hapo ndipo mimi nilichelewa kuelewa. Nilidhani nalipwa kwa kufungua. Wateja wengi wanaokuja kwangu hawajafungia ufunguo ndani, wameupoteza. Huyo ukimfungulia mlango ukamwambia tayari, anakutazama tu. Anachotaka ni ufunguo mkononi, na ili uuchonge lazima ujue meno yake yalivyokuwa. Ndiyo maana zana inayosoma kitasa ina thamani kuliko zana inayokifungua tu.

Tuingie ndani ya kitasa kidogo. Silinda ya kitasa cha gari, ile sehemu inayopokea ufunguo na kuzunguka, kwa kawaida haina pini kama kitasa cha mlango wa nyumba. Ina visahani vyembamba vya chuma vilivyopangwa kwa safu, kila kimoja kina tundu katikati na springi ubavuni. Ufunguo sahihi ukiingia, meno yake yanavisogeza vyote mpaka vilingane na silinda, nayo inazunguka. Kikibaki kimoja tu kimechomoza, kinang'ang'ania kwenye mfereji wa ganda na silinda haiendi popote. Kina cha kila kisahani si holela: magari mengi yana vina vinne au vitano tu, na mashine ya kuchongea inavijua. Ukipata orodha ya vina kwa mpangilio wake, una ufunguo.

Zana za Lishi, zile zinazoitwa mbili-kwa-moja kwa sababu zinafungua na kusoma, zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Ulimi wake una umbo la ufunguo wa gari husika, una mkono mwembamba wa kugusia visahani, na nje kuna bati lililochorwa mistari kama karatasi ya hesabu. Mkono ukisogea ndani, mshale nje unakuonyesha upo kwenye kisahani cha ngapi na kimekaa kina gani. Unasokota silinda kidogo sana, kwa nguvu ya kidole kimoja, unapita kisahani kimoja kimoja. Vingine vinacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, kimoja kinakuwa kigumu. Hicho kigumu ndicho unachokisukuma, unasikia tik ndogo kwenye ncha ya kidole kuliko sikioni, unatafuta kigumu kinachofuata. Silinda ikishazunguka, usichomoe! Wanagenzi wote hukosea hapa, nami nilikosea. Furaha ya mlango kufunguka inakufanya uchomoe zana, na usomaji wote umeenda. Rudi kwenye kisahani cha kwanza, soma, andika kwenye karatasi. Soma tena kutoka nyuma. Yakitofautiana, soma mara ya tatu.

Kuna milango ambayo visahani vyake ni vichache kuliko meno ya ufunguo. Meno mengine yanahusu swichi ya kuwashia. Programu za mashine nyingi za kuchongea zitakupa orodha ya uwezekano, si ramli.

Sasa kuhusu kununua. Kila zana inakwenda na aina ya njia ya ufunguo, yaani umbo la tundu unaloingia, si na gari moja, na jina lake ni namba ya njia hiyo. HU66 inakula Volkswagen, Audi, Skoda na Seat nyingi. HU92 ni BMW nyingi, HU101 ni Ford nyingi, TOY43 ni Toyota zenye ufunguo wa meno pembeni, NSN14 ni Nissan. Chukua daftari, andika kila gari linalokuja kwako au unaloombwa ukalifungue kwa mwezi mmoja. Utashangaa jinsi aina tatu au nne zinavyobeba karibu kazi yote. Nunua hizo, halisi, kutoka kwa muuzaji anayejulikana.

Nasisitiza halisi kwa sababu seti yangu ilikuwa ya bandia na sikujua. Kwenye picha huoni tofauti. Siku moja niko kwenye mlango wa gari la mama mmoja, kisahani cha tano kigumu, nikaongeza nguvu kidogo, mkono wa zana ukakatika ndani. Ncha ya milimita kadhaa imelala kwenye silinda, na mvua inaanza. Nilivua mkono wa nje wa mlango, nikatoa silinda, nikaifungua mezani kisahani kwa kisahani. Ajabu ni kwamba baada ya kuvitoa nilivisoma vyote kwa macho na nikachonga ufunguo uliofaa mara ya kwanza. Silinda mpya nililipa mimi. Nilipofika nyumbani nikakagua ile zana kwa kioo cha kukuzia: mistari ya bati lake ilikuwa imepinda, kwa hiyo hata ingefungua ingenidanganya.

Mengine kwa haraka. Kitasa chenye vumbi hakisomeki, kipulizie kwanza kilainishi kikavu, si grisi. Mlango ukifunguliwa kwa silinda, king'ora huweza kulia, mwambie mteja kabla majirani hawajatoka. Magari mengine yana tundu moja tu la ufunguo, upande wa dereva, tena limefichwa chini ya kifuniko cha plastiki kwenye mkono wa mlango. Na usimwahidi mtu gari litawaka kwa sababu umechonga meno: imobilaiza, mfumo unaozuia injini kuwaka mpaka utambue chipu iliyo ndani ya ufunguo, ni lazima kwa magari mapya ya abiria Umoja wa Ulaya tangu 1998, Australia tangu 2001, Kanada tangu 2007, kwa hiyo bila chipu iliyosajiliwa gari halitawaka. Kifaa cha kuprogramu ni gharama nyingine, usiisahau kwenye hesabu yako.

Kama ndani kuna mtoto na jua linawaka, sahau zana zote hizi. Piga simu ya dharura na uvunje kioo kilicho mbali naye.

Na kabla hujagusa gari lolote, kitambulisho. Kadi ya gari ikiwa imefungiwa ndani, mkubaliane kwamba itakuwa kitu cha kwanza kutoka mlango ukifunguka, na majina yalingane. Nilishawahi kufunga begi langu na kuondoka kwa sababu jamaa alianza kupandisha sauti nilipoomba. Ulizia pia sheria ya unakoishi, kwingine kubeba zana hizi bila kibali ni kosa.

Ukimaliza daftari la mwezi, lilete hapa tulitazame pamoja kabla hujatoa hela.