Jibu: Msajili gani wa domeni anaficha jina, simu na anwani? (kwa mwenzetu wa Himbi)

Mwenzetu wa Himbi, Goma, ameuliza hivi: chama chao cha akina mama wachuuzi kinataka tovuti ya .org, yeye ndiye atakayesajili jina, na hataki jina lake, namba yake ya simu wala avenyu anayokaa vionekane na kila mwenye intaneti. Achague msajili gani, yaani kampuni gani ya kumwandikishia jina hilo la tovuti (domeni)? Wengi mmemtajia kampuni moja moja. Mimi naomba tuangalie kwanza kinachofichwa na kisichofichwa, maana kampuni mbili zinaweza kuandika "faragha bure" na zikampa vitu viwili tofauti kabisa.

Sheria ya Ulaya ya kulinda data ilipoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, iliruhusu wasajili wa .com, .org, .net na viishio vingine vya kimataifa kuondoa data za mtu kwenye WHOIS, ile rekodi ya wazi ya mwenye domeni. Ndiyo maana leo, kwa wasajili wengi, jina, simu, mtaa na imeili havionekani hata kama hukulipa senti. Lakini ufichaji huo haugusi visanduku vyote. Fungua lookup.icann.org, andika domeni iliyosajiliwa na mtu wa huku bila huduma ya wakala (naieleza hapa chini), usome mstari kwa mstari: jina limefichwa, mtaa umefichwa, mji umefichwa, halafu kwenye mkoa imeandikwa Nord-Kivu na kwenye nchi CD, yaani Kongo. Chama kinachojitangaza wazi kuwa cha Goma hakipotezi kitu hapo. Ila mtu anayeandika bila kusema anakoishi, mistari hiyo miwili imeshamsogeza karibu na anayemtafuta.

Kuna na kisanduku cha shirika. Ukikijaza, kwa kanuni za ICANN shirika hilo ndilo linalohesabiwa mmiliki wa domeni, na jina lake linaweza kuonyeshwa hadharani. Kwa chama kilichosajiliwa kisheria hilo ni zuri, kwani siku dada huyu akihama au akiacha kazi, domeni inabaki ya chama. Kwa mtu binafsi, kiache tupu kabisa. Wengi hujaza hapo jina lao lilelile kwa sababu fomu ina nafasi, kisha wanashangaa kulikuta nje.

Aina ya pili ya ufichaji ni wakala. Hapa rekodi inabeba jina na anwani ya kampuni nyingine, na mkoa na nchi vinakuwa vya kampuni hiyo. Ukisajili kwa Namecheap na huduma yao ikiwa imewashwa, rekodi itasema Reykjavik, Iceland. Kwa Porkbun itaonyesha kampuni iliyoko North Carolina, Marekani. Zote mbili hazitozi huduma hiyo. Cloudflare, kinyume chake, hutumia ufichaji ule wa kwanza, kwa hiyo mkoa na nchi yako vinabaki. Bei yao ni ya jumla bila faida, lakini wanakulazimisha utumie seva zao za majina (DNS), zile zinazoelekeza domeni kwenye tovuti yako, na ukitaka kupeleka DNS kwingine lazima kwanza uhamishe domeni nzima. Gandi ya Ufaransa ilisifiwa miaka mingi kwa faragha, na bado inaficha bila malipo, ila tangu iliponunuliwa mwaka 2023 bei zimepanda na masanduku ya imeili yaliyokuwa bure sasa yanalipiwa.

Njalla ni habari nyingine. Ilianzishwa 2017 na Peter Sunde, na wao ndio wanaokuwa wamiliki wa domeni, wewe unapewa haki ya kuitumia kwa mkataba. Hawakudai jina lako, imeili inatosha. Kwa mtu ambaye kujulikana kwake kunaweza kumletea hatari ya mwili, huo ni mpango wa kufikiriwa. Kwa chama cha wachuuzi siupendekezi: siku mkigombana au kampuni ikifunga, huna la kuonyesha ICANN, maana kwenye karatasi domeni si yako.

Ndugu mmoja ameandika huko juu kwamba wakala anakuficha na serikali na mahakama pia. Hapana. Msajili anakujua, ana malipo yako na anwani ya mtandao uliyoingilia. Amri ya mahakama ya nchi yake ikimfika, atatoa. Hata kesi ya alama ya biashara ikifunguliwa kwa UDRP, utaratibu wa ICANN wa kusuluhisha ugomvi wa majina, data zako halisi kwa kawaida hupelekwa kwa wasuluhishi. Wakala anakukinga na mpita njia, matapeli, wauza huduma za tovuti na mtu mwenye chuki anayetaka kujua mlango wako. Kwa wengi wetu hao ndio tatizo la kila siku, na kinga hiyo inatosha.

Sasa kosa ninaloliona hapa kwetu kuliko yote, na ambalo msajili mzuri hawezi kulitibu: kuandika uongo kwenye fomu. Jina la kubuni, simu ya mtu mwingine, "avenyu ya kwanza, Kinshasa". Mkataba wa kila msajili wa ICANN unasema data za uongo za makusudi ni sababu ya kusimamisha au kufuta domeni, na kwamba usipojibu ndani ya siku 15 unapoulizwa kuhusu usahihi wake, umevunja mkataba. Tena, baada ya kusajili utapokea imeili ya uthibitisho. Usipobonyeza kiungo chake ndani ya siku 15, domeni husimamishwa: tovuti inazimika na imeili zote zinakufa nayo. Kwa wasajili wengine, kwenye rekodi utaona hali ya clientHold, yaani msajili ameisimamisha. Watu huanza kulaumu seva wakati ujumbe umelala kwenye taka za Gmail. Andika ukweli kwa msajili, kisha umwachie wakala kazi ya kuuficha. Msimbo wa posta (code postal) ambao huku hatuutumii, fomu nyingi hukubali sufuri tano.

Na usiruhusu fundi wa kompyuta asajili kwa akaunti yake. Najua inavyokwenda: huna kadi, yeye anayo, unampa dola 20 mkononi, mambo yameisha. Hapo faragha yako ni kamili, maana jina lako haliko popote! Lakini mmiliki ni yeye. Akihamia Kampala au mkikosana, hata msajili mwenye huruma hana njia ya kukurudishia. Fundi akusaidie ukiwa umekaa naye, kwenye akaunti uliyoifungua kwa imeili yako na nywila unayoijua wewe. Kadi iwe yake, mradi akaunti ni yako.

Malipo yenyewe. Tangu benki zilipofunga milango Goma na Bukavu mapema 2025, wengi wanategemea M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, na wasajili wakubwa wa nje hawazipokei moja kwa moja. Njia iliyobaki ni kadi ya Visa ya kulipia kabla, au ya mtandaoni, inayojazwa kwa pesa za simu, ama ndugu aliye nje. Ukilipa, zima VPN, ile programu inayokuonyesha kama uko nchi nyingine. Mitambo ya kuzuia wizi wa kadi hulinganisha nchi ya mtandao wako, nchi ya kadi na nchi uliyoandika kwenye fomu. Ukionekana uko Uholanzi, kadi ya Kongo, anwani ya Goma, oda inazuiwa na unaombwa picha ya kitambulisho. Yaani VPN uliyowasha kwa ajili ya faragha ndiyo inayokufanya utume kadi ya mpiga kura kwa mtu usiyemjua.

Kwa kuwa kulipa ni kazi, lipa miaka mitatu au mitano kwa mkupuo. Kanuni inaruhusu hadi 10. Kabla ya hapo tazama bei ya kuhuisha, usidanganyike na ya mwaka wa kwanza. Kwa .com, Verisign, kampuni inayoendesha kiishio hicho, ilipandisha bei ya jumla hadi dola 10.26 Septemba 2024, hivyo anayekuuzia kwa dola 3 mwaka huu atazitafuta zake mwaka ujao. Tazama pia kama faragha ni bure kila mwaka au ni ya mwaka wa kwanza tu. Wako wanaotoza karibu bei ya domeni yenyewe, na usipolipa, jina la wakala linaondoka kwenye rekodi.

Hilo la kuondoka ni kubwa kuliko linavyoonekana. Zipo kampuni zinazonakili rekodi hizi na kuziweka kwenye maghala ya kuuza. Data zako zikitoka kwa siku moja, zimenakiliwa, na kuwasha faragha kesho yake hakuzifuti. Kwa hiyo washa wakala kwenye ukurasa wa kununua, kabla ya kulipa. Na ukihamia msajili mwingine, hakikisha wakala wa huko amewashwa kabla uhamisho haujakamilika, maana faragha haihami pamoja na domeni. Kumbuka pia kwamba ndani ya siku 60 za kwanza baada ya kusajili, mara nyingi domeni hufungwa isihame. Baadaye, ukiomba msimbo wa uhamisho, msajili anapaswa kukupa ndani ya siku 5. Anayekuzungusha zaidi ya hapo, muhame.

Kuhusu .cd, ambayo wawili wameipigia debe: ni kiishio cha nchi, kiko chini ya shirika la serikali la posta na simu, na kanuni zote za ICANN nilizozitaja, za kuficha data na za siku 15, hazikibani. Kabla ya kununua, tafuta domeni mbili tatu za .cd kwenye WHOIS uone kwa macho yako kinachotoka. Na .us msiiguse kabisa, kwani huko wakala wamekatazwa na jina lako litakaa wazi. Kwa swali lililoulizwa, .org inafaa.

Ukishapata domeni, washa uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya simu, si kwa SMS. SMS za kutoka nje huchelewa au hazifiki, na laini inaweza kurudishwa kwa mtu mwingine kwenye kibanda. Zile namba za dharura wanazokupa ziandike kwenye karatasi. Imeili ya akaunti isiwe ya domeni hiyohiyo, la sivyo siku ikizimika hutapata hata ujumbe wa kuirudisha. Hakikisha kufuli la uhamisho limewashwa: kwenye rekodi litaonekana kama clientTransferProhibited.

Halafu kuna matundu yasiyomhusu msajili. Kila cheti cha HTTPS unachochukua, hata cha bure cha Let's Encrypt, kinaandikwa kwenye daftari la wazi ambalo yeyote anaweza kulipekua kupitia crt.sh, pamoja na majina yote madogo mbele ya domeni yaliyomo kwenye cheti hicho. Usiite jina dogo kwa jina la mtu au la kartie. Na rekodi ya SOA kwenye DNS, ambayo yeyote anaweza kuisoma, ina kisanduku cha imeili ya msimamizi. Paneli nyingine hujaza humo imeili yako ya akaunti bila kukuuliza, basi ibadilishe iwe ya chama.

Mwisho, mwambie mtu akutumie ujumbe kupitia anwani au fomu ya mawasiliano inayoonekana kwenye rekodi yako ya wazi. Usipokufika, andikia msajili siku hiyohiyo, kwa sababu malalamiko kuhusu domeni yako yatapitia njia hiyo.