Walichukua damu ya mwanangu, majibu yako wapi?

SWALI: Sista, habari ya kazi. Naishi karibu na Ahero na nina watoto watatu. Mwaka jana vijana wenye tabuleti walikuja kwangu, wakamdunga kitinda mimba wangu kidoleni, wakadondosha damu kwenye karatasi. Maswali yao yalikuwa mengi hadi maharagwe yangu yakaungua. Sijawaona tena. Sasa kundi lingine linapita kijijini. Mume wangu anataka tuwafukuze, anasema damu inauzwa. Nifanyeje? — Mama watatu, Ahero

JIBU: Mama, asante kwa kuandika. Nilikuwa muuguzi wa zahanati kabla ya kuingia kwenye utafiti wa afya ya msingi, na malalamiko kama yako nimeyasikia Nyakach, Seme na Muhoroni.

Nianze na baba watoto. Mwambie damu ya kuongezewa mgonjwa hujaza mfuko na hutunzwa kwenye baridi. Matone mawili matatu yaliyokaushwa kwenye karatasi hayawezi kuongezewa mtu yeyote. Hupelekwa maabara kutafuta vimelea vya malaria, au kuangalia kama vimelea hivyo vimeanza kuzoea dawa. Hofu yake siidharau, lakini. Mtu akichukua kitu mwilini mwa mtoto wako kisha akanyamaza, utabaki kujijazia mwenyewe yale ambayo hakukwambia.

Majibu ni ya aina mbili. Kipimo cha haraka cha malaria huwa tayari kwa takriban dakika ishirini. Hicho mtafiti hana ruhusa ya kuondoka nacho kimya: mtoto akiwa na malaria, atibiwe au apewe barua ya kwenda kituoni. Karatasi iliyokaushwa ni jambo jingine. Mara nyingi hupimwa miezi mingi baadaye, pamoja na za mamia ya watoto, na jibu lake linahusu eneo zima kuliko mwanao peke yake. Hata hivyo jibu hilo ni lenu. Lirudishwe kwenye baraza la chifu, kwa lugha ya nyumbani, na watu waulize maswali.

Hapo ndipo wengi wetu tunakosea watu, na linaniuma. Kuna mradi uliokuja kwenye zahanati niliyokuwa nikifanya kazi, ukanakili rejista zetu za kliniki ya wajawazito. Matokeo yalisomwa hotelini mjini Kisumu mbele ya wageni. Sisi tuliojaza rejista zile hatukualikwa, wala akina mama walioandikwa humo hawakuambiwa neno.

Kwa hiyo, hao wanaopita sasa wakifika, wakaribishe, kisha uliza wewe kwanza. Omba kuona kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayoruhusu utafiti, na barua ya kamati ya maadili, ile inayolinda haki za wanaofanyiwa utafiti. Usitie sahihi kabla ya kusomewa fomu ya ridhaa kwa lugha unayoielewa. Asiyejua kusoma huweka kidole gumba mbele ya shahidi. Nakala moja ibaki kwako, na iwe na nambari ya simu ya mtafiti na ya kamati. Unaweza kukataa, au kukubali leo na kujitoa kesho, na mwanao atahudumiwa kliniki kama kawaida. Halafu waulize: mtarudi lini kutuambia mlichopata?

Sipendi mkatae wote. Kati ya 1996 na 1999, vijiji vya Asembo na Gem vilishiriki utafiti wa vyandarua vilivyotiwa dawa. Vingine vilipewa mwanzoni, vingine vikangoja hadi mwisho. Vifo vya watoto wachanga vilipungua. Tena hata nyumba zisizokuwa na chandarua, zikiwa ndani ya mita 300 hivi kutoka zile zilizokuwa na vyandarua, zilinufaika, maana mbu wenyewe walipungua. Chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa Homa Bay Septemba 2019 ilijaribiwa kabla kwa watoto wa Kombewa na Siaya. Ni akina mama kama wewe waliokubali.

SWALI: Nimemaliza diploma ya utabibu, niko Nakuru. Nimeitwa kazi ya kukusanya data huko Siaya. Ni kazi ya namna gani? — Kijana, Nakuru

JIBU: Ni kazi ya miguu, bodaboda na subira. Kama hujui Kijaluo, anza kujifunza sasa.

Sehemu ngumu kuliko zote ni mahojiano ya vifo. Wengi hufia nyumbani bila daktari kuandika sababu, kwa hiyo unakaa na mama na kumuuliza mtoto alianza na nini, alihema vipi, kama alipata degedege, kama walikosa nauli ya kwenda hospitali. Usiende matanga yakiwa bado yanaendelea. Mfike na mhudumu wa afya wa kijiji hicho, weka tabuleti chini, toa pole kwanza. Akilia, acha maswali, fomu itangoja. Mengine atakayokueleza hayana nafasi kwenye fomu yako. Yasikilize hayo pia, na umweleze msimamizi wako.

Na kabla hujatia sahihi mkataba, waulize waajiri kama bajeti yao ina pesa za kurudisha matokeo vijijini. Ukiambiwa hakuna, uliza ni nani aliyeamua hivyo, na umwandikie.