Muulize Mwalimu: Dini tuiache?

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwenyeji wa Bukoba, naishi Göteborg, Uswidi, kazi yangu ni kuhudumia wazee. Nimekulia KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, kwaya na kipaimara juu. Wazee ninaowaogesha huku hawasali, watoto wao hawasali, na bado ukisahau pochi kwenye basi unaipata. Nikifungua habari za nyumbani nakutana na Shakahola ya jirani zetu Kenya, maiti zaidi ya 400 zimefukuliwa msituni, watu waliofunga mpaka kufa wakisubiri kumwona Yesu. Je, binadamu anaweza kuishi bila dini? Na je, inafaa? Halafu mama ananidai mchango wa bati za kanisa, hajui kwamba mimi siamini tena. Nimwambieje?
Msomaji, Göteborg

Marahaba, mwanangu. Kuweza, watu wanaweza. Hao wazee wako ni ushahidi tosha. Wala si Wazungu peke yao: sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliandika watu 755,750 wasio na dini, na hapo hawamo wale wanaokwenda Ijumaa au Jumapili kwa kuogopa macho ya jirani. Anayesema asiye na Mungu lazima awe mwizi, mwache akae kwenye vikao vya fedha vya misikiti na makanisa yetu asikie mara ngapi hesabu "zitaletwa kikao kijacho".

Ila wapo waliojaribu kuifuta dini kwa amri, na nilipokuwa nafundisha historia hiyo mada niliipenda kuliko Vita Kuu zote mbili. Mwaka 1967 Enver Hoxha, kiongozi wa chama cha Kikomunisti, alifunga misikiti na makanisa yote ya Albania, majengo zaidi ya 2,000, mengine yakawa maghala na kumbi za michezo. Katiba ya 1976 ikatamka kwamba dola haitambui dini yoyote. Padri Shtjefën Kurti alipigwa risasi kwa kosa la kumbatiza mtoto kwa siri. Mama Teresa, ambaye kwa asili ni Mwalbania, hakuruhusiwa kuingia hata mama yake alipofariki Tirana mwaka 1972. Kaburi aliliona mwaka 1989. Sasa angalia dini iliporudi ilianzia wapi. Novemba 1990, chama kile kile kikiwa bado madarakani, maelfu ya watu walijitokeza mjini Shkodër kusali misa na padri Simon Jubani, aliyekuwa amekaa gerezani miaka mingi. Hawakukutana uwanjani wala sokoni. Walikutana makaburini.

Nimelitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu naona watu hawaachi dini kwa kushindwa kwenye mabishano. Wanaiacha taratibu, pale mtu mwingine anapozichukua kazi zake, na kazi kubwa kuliko zote ni msiba. Angalia karatasi yako ya kodi. Huko kila mtu, aamini asiamini, anakatwa ada ya mazishi. Akifa, ada hiyo imeshalipia kaburi kwa miaka 25, au kuchomwa kwake, pamoja na ukumbi usio na msalaba wala alama yoyote ya dini. Na kinachonichekesha ni kwamba, ukiacha Stockholm na mji mmoja uitwao Tranås, kazi hiyo inasimamiwa na Kanisa la Uswidi lenyewe, ingawa liliachana na serikali mwaka 2000. Wazee wako wameagana na Mungu, lakini karani wa makaburi bado ni wa kanisa.

Huku kwetu Tanga alifariki fundi saa mmoja, mtoto wa nyumba ya Kikristo, ambaye hakuficha kwamba haamini. Kwa mtaa haikuwa taabu: turubai, viti, masufuria na daftari la rambirambi, ninaloliandika mimi, havina dini. Taabu ilikuwa nani asimame mbele. Viongozi wa kanisa walikataa, maana marehemu alikuwa haonekani kwenye jumuiya, na binti yake naye akasema baba aliomba asiombewe. Basi mwenyekiti wa mtaa akasoma wasifu, jeneza likashushwa. Machepe yalipoanza kurudisha udongo, hakuna aliyejua afanye nini. Watu wanatazama viatu vyao. Mara mama mmoja muuza maandazi akaanzisha pambio, hakumwomba mtu ruhusa, na sote tukaitikia, sisi wenye kofia tukiwemo, na binti pia. Sisemi kwamba fundi saa aliumbuka. Alikuwa na haki yake. Lakini kwa dakika zile hatukuwa na kitu kingine cha kuimba.

Shakahola inakukasirisha, na mimi pia. Ila kumbuka kwamba yule mhubiri aliyewaambia wafunge alishawahi kukamatwa miaka kadhaa kabla, kwa kuwafundisha watoto wasiende shule, na akaachiwa. Hapo wa kuulizwa ni polisi na mahakama. Bibi yako anayesoma zaburi kule Kagera hahusiki.

Inafaa? Kwa mtu mmoja mmoja, aliyefika mahali ambapo hawezi kuamini, aachwe. Mimi naswali, na aya ya 256 ya Suratul Baqara, isemayo hakuna kulazimishana katika dini, naisoma kwa pande zote mbili. Ibara ya 19 ya Katiba yetu nayo inampa mtu uhuru wa kuamini atakavyo. Lakini ukitaka nchi nzima ihame, kwanza niambie nani atakaa na mjane siku tatu, kwa pesa ya nani, na mzee asiye na pensheni atakula wapi. Hayo yakipatikana, utashangaa watu watakavyohama bila kuhubiriwa.

Kuhusu mama, usimwandikie WhatsApp. Ngoja ukienda likizo, mkae wawili, umwambie kwa mdomo wako. Jiandae na swali moja. Askofu wa kwanza wa Kilutheri hapo Bukoba, Bengt Sundkler, alikuwa Mswidi, na mwaka 1964 akamwachia kiti Josiah Kibira. Mama atataka kujua imekuwaje hao waliotuletea askofu ndio wameacha dini, na wewe uko huko, kwa hiyo wewe ndiye wa kumjibu.

Bati mnunulie, kama pesa ipo. Mvua ikinyesha yeye ndiye atakayelowa. Kama haipo sema haipo, usimsingizie benki.