Mama anaingia bila hodi, nami nilimkana mke wangu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 38, baba wa watoto watatu, wawili wao pacha. Naishi Tanga, kwenye nyumba niliyoijenga ndani ya kiwanja cha wazazi wangu. Bati ziliezekwa kwa pesa za kikoba za mke wangu. Kutoka mlango wetu hadi wa wazazi ni hatua ishirini. Mama ana ufunguo wetu wa akiba, tulimpa wakati mke wangu alipojifungua pacha na mpaka leo hajaurudisha. Huingia saa yoyote. Hufunua masufuria, huonja mchuzi kiganjani, hukamulia ndimu, kisha huniambia mke wangu akisikia, “Sasa kula, baba.” Mzee naye hushinda kwenye kochi langu, rimoti mkononi, akigombana na waamuzi wa mpira.*

*Mwezi uliopita tukiwa kazini Mama aliingia chumbani, akapanga upya kabati la nguo, akakuta vidonge vya uzazi wa mpango. Jioni akamsimamisha mke wangu uani, mbele ya dada zangu wawili, akamuuliza kwa nini anamnyima wajukuu. Kisha akanigeukia: ulijua? Nikasema sikujua. Shangazi, nilijua. Tulikwenda zahanati pamoja.*

*Tangu siku ile mke wangu huzungumza nami mambo ya watoto tu. Zamani usiku tulikuwa tukitazama kwenye simu kichekesho cha Kimarekani, Everybody Loves Raymond. Sasa ananiita Raymond, na hacheki. Anataka tuhame kabla ya mwisho wa mwezi ujao, la sivyo anarudi kwao Muheza. Mama anasema nikihama nimemzika yu hai, na kwamba pepo yangu iko chini ya nyayo zake. Wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia, na nyasi ni mimi. Nihame au nibaki?*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama palepale: “Nikasema sikujua.” Umelitia katikati ya barua kama jambo la kupita, ukamalizia na swali la kuhama. Mimi nitaanzia hapo. Ufunguo, ndimu na kochi mkeo amevivumilia tangu pacha wazaliwe, na pengine angeendelea kuvivumilia. Jioni ile uani palikuwa na mtu mmoja tu wa kumtetea, naye akamkana.

Fikiria umemwacha wapi. Kwa neno lako lile, mbele ya wifi zake amekuwa mwanamke anayemeza vidonge kwa kificho cha mumewe. Neno kama hilo halilali uani. Litasemwa jikoni kwenye shughuli, litasemwa msibani, litawafikia shangazi zako kabla ya Idi. Naye hawezi kujitetea bila kukutangaza mwongo mbele ya mama yako mzazi. Kwa hiyo amenyamaza mwezi mzima, amekusitiri kwa aibu isiyo yake. Ninapoona mwanamke anamsitiri mume kiasi hicho huku moyo unavuja damu, najua ndoa bado ipo. Lakini stara hiyo ina mwisho, na yeye amekutajia tarehe.

Jina alilokupa amelichagua vizuri. Yule Ray Barone wa kwenye tamthilia anaandika habari za michezo gazetini, anakaa Long Island, jimbo la New York, ana binti na wavulana pacha, na wazazi wake, Frank na Marie, wako ng'ambo ya barabara. Tamthilia ile ilirushwa tangu 1996 hadi 2005, misimu tisa, vipindi 210, na katika vipindi vyote hivyo mama yule haachi kuingia nyumbani kwa mwanawe bila hodi. Kuna kipindi Debra, mkewe Ray, anamwomba mavyaa wake amfundishe kupika madonge yake ya nyama. Marie anamfundisha, tena kwa bashasha, lakini kichupa cha kiungo anachompa amekibandika lebo ya kiungo kingine, ili chakula cha mkaza mwana kisifikie chake. Nilipokitazama nilikumbuka wanawake wengi ninaowajua, waliofundishwa pilau pasipo kuambiwa bizari inatiwa lini.

Doris Roberts aliyeigiza Marie alipata tuzo ya Emmy mara nne kwa nafasi hiyo, na nadhani ni kwa sababu alimwonyesha mama anayependa kwelikweli. Marie anaogopa. Amelea mtoto, amempikia miaka na miaka, sasa kuna mwanamke mwingine mwenye sufuria. Ndimu ya mama yako inatoka hukohuko. Akikukamulia ndimu anakuuliza kama bado unamhitaji.

Kinachomfanya Ray awe Ray, na ndicho mkeo alichokiona, ni kwamba anataka kila aliyemo chumbani ampende. Mama akiuliza, anampa mama jibu la kumfurahisha mama. Mke akiuliza, anampa mke la kumfurahisha mke. Kisha anatafuta mlango wa kutokea. Kwenye runinga uongo wa namna hiyo hufichuka na kumalizika ndani ya nusu saa. Wako una mwezi sasa na bado unatembea.

Ndiyo maana siukubali mfano wako wa tembo na nyasi. Nyasi haina mdomo, wewe unao, na siku ile uliutumia. Tena hao unaowaita tembo wawili hawapigani. Mama yako anamshambulia mkeo, mkeo ananyamaza. Anayetakiwa kusimama na kusema ni wewe, kwa sababu mama ni wako. Mkaza mwana akimwambia mavyaa wake “piga hodi,” hiyo ni vita ya miaka kumi. Mtoto wa kumzaa akilisema neno lilelile, mama atalia, atasusa chai, kisha atarudi.

Nalijua hilo kwa mwili wangu. Mimi ni mavyaa pia. Mwanangu wa kwanza alipooa nilikuwa naingia kwake kama naingia stoo yangu. Siku moja alinikuta nimeshika mfagio chumbani kwao. Akaupokea mfagio, akanikalisha barazani, akaniambia, “Mama, hapa ukija bisha hodi, usubiri ukaribishwe.” Hakupandisha sauti. Nililia siku mbili, tena jikoni, ili mume wangu asinione. Siku ya tatu nilikwenda na kikapu cha maembe, nikasimama nje, nikasema hodi. Mkewe alitoka mbio kunipokea, kanga haijakaa sawa. Hajawahi kutoka mbio namna ile nilipokuwa naingia mwenyewe.

Kuhusu pepo chini ya nyayo za mama: heshima hiyo ni haki yake, na usimpunguzie hata chembe. Lakini kumdanganya mama si kumheshimu. Umempa habari ya uongo, naye anaitumia kumuumiza mtu asiye na kosa. Hilo nalo ni dhambi unayomtwika mama yako.

Basi nenda. Ijumaa hii baada ya alasiri, kabla dada zako hawajatawanyika. Mkeo mwambie asubuhi unachokwenda kusema, lakini usiende naye, usimfanye tena mtu wa kusimamishwa. Dada wawe wapo, kwa sababu aibu ilimwagwa mbele yao, nayo itazolewa mbele yao. Sema kwa ufupi: “Mama, siku ile nilikudanganya. Vidonge nilivijua, tulikwenda zahanati pamoja, tumekubaliana kupumzisha uzazi. Mke wangu hakunificha kitu. Nisamehe, na yeye naomba mumtake radhi.” Baada ya hapo nyamaza. Mama atataja uchungu aliokuzaa nao, atataja walivyokusomesha. Vyote ni kweli. Vipokee, lakini usirudishe nyuma hata neno moja. Ufunguo uombe siku hiyohiyo, kwa mkono wako. Akikataa, fundi wa kubadilisha kitasa hana kazi ngumu, ila mwambie mama kabla fundi hajafika, asije akakigundua mlangoni.

Mzee na kochi lake muache kwanza. Huyo hana neno.

Sasa kuhama. Kama kodi unaimudu, hama, ila baada ya Ijumaa. Ukihama kabla ya kusema, mama yako atasema mwanamke amemchukua mwanawe, na uongo utapakiwa pamoja na magodoro. Kwenye ile tamthilia Frank na Marie wanahamia makazi ya wazee kule New Jersey, wanatimuliwa, wanarejea, na mambo yanaendelea kama yalivyokuwa, kwa sababu hakuna kilichosemwa kikasikika. Tena usiende mbali. Tafuta mtaa wa pili au wa tatu, pacha waweze kwenda kwa bibi yao kwa miguu.

Na zile bati. Hapa naomba unisikilize sana. Kiwanja ni cha baba yako, bati ni za mkeo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed la mwaka 1983, ilikubali kuwa hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Sembuse pesa taslimu za kikoba. Lakini kinachogawanywa ndoa ikivunjika ni mali ya wanandoa, na ardhi ile si yenu. Mzee akifumba macho kesho, ndugu zako wana haki zao, na mkeo atabaki na stakabadhi za bati kama bado anazo. Kabla hujahama mwombe baba yako, kwa adabu, aandike kuwa nyumba ile ni yenu na nani aliweka nini, dada zako waweke saini, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Nadhani sehemu ya haraka ya mkeo ya kutaka kuondoka ni hii, ingawa hakuitaja.

Jambo la mwisho, kwa sababu nahisi unamwona mkeo kama adui wa mama yako. Katika kipindi cha mwisho kabisa Ray anafanyiwa upasuaji mdogo, na kwa dakika chache kunatokea wasiwasi kuwa haamki kwenye dawa ya usingizi. Debra anatetemeka. Marie hayupo pale wakati huo, na waliopo wanaafikiana asiambiwe, asije akaumia. Miaka tisa ya masufuria na milango, na bado Debra anamkinga mavyaa wake. Mkeo naye, mwezi huu mzima, angeweza kumwambia mama yako mwanawe ni mwongo. Hajamwambia.

Niandikie baada ya Ijumaa.