Bafu la nyumba ya kupangisha: kabla hujanunua tailizi soma hapa

Kabla hujapanda daladala kwenda Gerezani kununua tailizi, kaa kwanza na mpangaji wako umuulize bafu linamkera wapi. Dada aliyepanga kwangu Tabata wala hakutaja urembo, alitaka bomba la chini la kukingia ndoo maana maji yakikatika Dar ni maisha ya ndoo, alitaka ndoano za nguo nyuma ya mlango na maji yasituame pale karibu na choo. Basi. Ni vitu vya bei ya kawaida kabisa na ndo vinavyofanya mtu asihame.

Sasa ujue bafu la kupangisha sio sawa na la kwako unakolala. La kwako ukiweka koki ya ajabu kutoka nje ya nchi ikiharibika utasubiri spea, utavumilia. Mpangaji havumilii na hana sababu ya kuvumilia, kalipa kodi ya miezi sita mkononi. Kwahiyo mi kila kitu naangalia hivi: kikifa jumapili jioni, fundi wa mtaani anaweza kukifungua bila kuvunja ukuta, na spea ipo duka la jirani? Kama jibu hapana, sinunui hata kiwe kizuri vipi. Zile sistani, yaani tangi la maji ya kuflashi, zinazofukiwa ukutani ukaacha kitufe tu kwa nje, zipendeze kwenye mahoteli huko. We weka ya kawaida inayokaa nyuma ya choo, mashine yake ya kuflashi inauzwa kila hardware. Na ukienda kununua choo chenyewe angalia kwanza bomba la majitaka kwako linatokea ukutani au sakafuni, maana vyoo vyake ni tofauti na ukikosea fundi ataanza kuungaunga, harufu ndo inaanzia hapo.

Kitu kimoja tu ndo hakifunguliki baadae, nacho ni kilichopo chini ya tailizi. Hapo usibane hela kabisa. Mwambie fundi aweke dawa ya kuzuia maji sakafu nzima na apandishe ukutani, sehemu ya kuogea ipande juu zaidi, halafu kabla ya tailizi ziba tundu la kutolea maji, jaza maji sentimita mbili tatu hivi, acha mpaka kesho yake. Maji yakishuka au ukuta wa upande wa pili ukilowa, bado. Mafundi wengi watakwambia bosi hii haina haja, simenti yangu haipitishi, we kaza tu, fundi Maiko, yule wa kubabaisha, utamjulia hapohapo maana anayejiamini hana shida ya kusubiri siku moja. Mteremko pia, sentimita moja na nusu mpaka mbili kwa kila mita kuelekea tundu inatosha, na sakafuni weka tailizi zile za kukwaruza sio za kung'aa, mtoto akianguka na sabuni utajisikiaje.

Mabomba nimetoa yale ya chuma nikaweka PPR, yale ya plastiki yanayounganishwa kwa moto. Huku kwetu maji ya kisima yana chumvi, chuma kinaliwa na kutu mpaka maji yanatoka mekundu. Chumvi hiyohiyo inaziba vitundu vya shawa, inabidi mara mojamoja uifungue uiloweke kwenye siki, mfundishe mpangaji mwenyewe ni kazi ndogo. Koki nunua za shaba, ishike mkononi, nyepesi kama ya plastiki iliyopakwa rangi ya fedha iache hapohapo dukani. Na kila bafu liwe na koki yake ya kufungia maji, sio bomba la nyumba moja likipasuka wapangaji wote wanakosa maji wanaanza kukutukana kwenye grupu la watsap.

Halafu zile shawa kubwa kama sinia za kwenye tiktok, kama simtanki lako liko kwenye mnara wa mita tatu presha yake ni kama 0.3 ya bar, maji yatadondoka tu kama bomba la mvua limechoka. Shawa ndogo ya mkono inatosha au uingie gharama ya pampu, na umeme wa pampu hiyo ukaanze kubishania luku nani analipa.

Kama mpangaji yumo ndani wakati wa kazi, kubalianeni mapema ataoga wapi, na umpunguzie kodi ya hizo siku, muandikishane hata karatasi ya kawaida mkasaini. Na akitaka kukarabati yeye kwa hela yake mkakate kwenye kodi, pia iandikwe: nini kinafanyika, shilingi ngapi, na risiti zije kwako. Maneno ya mdomo ndo yanawafikisha watu kwa mjumbe.

Kabla ukuta haujazibwa piga picha mabomba yanapopita, siku mtu anataka kutoboa aweke kioo unamtumia. Tailizi nunua zaidi kama asilimia kumi ya mahitaji na boksi moja ufiche stoo, rangi hiyohiyo mwakani hupati. Hela ya mwisho ya fundi mpe ukishamwaga ndoo nzima sakafuni ukaona maji yote yameenda tunduni yenyewe.