Shahada peke yake haitoshi

Ndugu yangu, umeuliza kama shahada ya sera za umma inaweza kumfanya kiongozi awatumikie wananchi. Peke yake, hapana. Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa 1961 kuandaa viongozi, na bado Oktoba 1966 wasomi wetu wa chuo kikuu hapa Dar waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa lile la kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu Nyerere akafukuza wanafunzi karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hilo la pili ndilo lililokuwa somo (kufukuza watoto wa watu, mimi hapo simo).

Ningepewa mtaala mimi, uchumi na takwimu vibaki, ila kila mwanafunzi akae muhula mzima ofisi ya serikali ya mtaa, Tandale au Mbagala, aandike mihtasari ya mikutano na asikilize ugomvi wa mitaro na taka. Halafu atunge sera ya mitaro na kuitetea mbele ya wakazi wale wale, nao wampe sehemu ya alama.