Nguzo ya bomba lililojazwa zege: uliza kwanza mzigo unaingilia wapi

Nikipewa mchoro wa nguzo ya bomba la chuma lenye zege ndani, sianzi na unene wa bomba wala daraja la zege. Naangalia pale boriti inapokutana na nguzo. Mara nyingi nakuta hesabu ya nguzo yenyewe haina kasoro, lakini kiungo kimechorwa kana kwamba bomba ni tupu.

Chukua bomba la duara lenye kipenyo cha milimita 323.9 na unene wa milimita 10, chuma cha S355 (daraja lenye uwezo wa MPa 355, yaani nyutoni 355 kwa kila milimita ya mraba), ndani zege la C30/37 (daraja lenye nguvu ya MPa 30). Kwa Eurocode 4, kanuni ya Ulaya ya miundo ya chuma na zege kwa pamoja, chuma kinabeba kama kN (kilonyutoni) 3,500 na zege kN 1,450. Jumla ni karibu kN 4,950, kabla hujapunguza kwa ajili ya urefu wa nguzo. Zege limehesabiwa kubeba asilimia 29.

Sasa sakafu moja inaleta kN 1,500, na boriti zimechomelewa kwenye ukuta wa nje wa bomba. Zege haliguswi na boriti hata kidogo. Fungu lake, kama kN 440, lazima livuke kutoka kwenye chuma kwa mshikamano tu wa uso wa ndani, tena ndani ya urefu usiozidi vipenyo viwili au theluthi moja ya urefu wa nguzo, ule ulio mfupi. Kwa bomba la duara mshikamano unaoruhusiwa ni MPa 0.55. Zidisha kwa mzingo wa ndani na kwa milimita 648, unapata kN 340. Zile kN 100 zilizobaki hazina njia ya kupita. Hapo chomelea ndani ya bomba vijiti vya chuma vyenye vichwa, au pitisha bamba la boriti katikati ya bomba ili lilalie zege lenyewe. Kwa bomba la mraba hali ni mbaya zaidi, maana mshikamano unashuka hadi MPa 0.40.

Na hata hizo namba zinadai uso wa ndani usio na rangi, mafuta wala kutu inayobanduka. Mimi hupitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba kabla halijasimamishwa. Kikitoka kimeloa mafuta ya kiwandani, bomba linaoshwa. Mafundi hununa, na wanune tu. Likishajazwa hakuna wa kuliosha.

Utasikia pia kwamba bomba hulibana zege na kuliongezea nguvu. Ni kweli, ila si tangu mwanzo. Mzigo ukiwa mdogo chuma hutanuka kwa ubavu kuliko zege, kwa hiyo ukuta unataka kuliachia. Kubana kunaanza zege likishapasukapasuka kwa ndani na kuanza kufura. Nguzo ndefu itakuwa imeshapinda kabla ya kufika huko. Ndiyo maana kanuni zinakuruhusu kuhesabu faida hiyo kwa bomba la duara tu, wembamba wa kihesabu wa nguzo (kipimo cha jinsi inavyoelekea kupinda) usizidi 0.5 na mzigo uwe umehama kutoka katikati kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya kipenyo.

Kwa hiyo nguzo yako ikiwa ndefu, usikimbilie zege kali zaidi. Katika bomba letu, ukitoka C30 kwenda C60 ugumu dhidi ya kupinda haupandi hata asilimia 5. Ongeza kipenyo.

Kumwaga zege nako kuna hesabu yake, na wengi huiruka. Zege bichi la kimo cha mita 12 likisukumwa kwa pampu kutoka chini linabana ukuta wa bomba kwa kPa 300 hivi pale chini. Bomba la duara halijali. Lakini bomba la mraba la milimita 400 lenye ukuta wa milimita 10, ambalo linatimiza kabisa kipimo cha Eurocode 4 cha upana kwa unene, linapata mkazo wa zaidi ya MPa 220 ubavuni, karibu theluthi mbili ya uwezo wa chuma chake, na nguzo bado haijabeba kitu. Gawa umwagaji kwa awamu au funga mikanda ya muda. Bamba lolote la ndani liwe na tundu kubwa katikati na matundu madogo pembeni ya kutolea hewa, la sivyo utupu hujificha chini yake. Zege likishakauka, gonga kwa nyundo kuanzia chini kidogo ya kila bamba; sauti ikibadilika, leta kipimo cha mawimbi ya sauti.

Matundu mengine ni ya moto. Maji yaliyonaswa ndani ya zege huchemka jengo likiungua, na mvuke usipopata pa kutokea unaweza kulipasua bomba. Kila ghorofa liwe na tundu la angalau milimita 20 juu na jingine chini. Yakague tena baada ya wapaka rangi kuondoka, kwa kuwa wao huyaona kama kasoro na kuyaziba.